Namba Moja, Maswali Saba

Mwaka 2013 ilianza awamu ya pili ya HSNP, mpango wa kuzipa kaya za kaskazini mwa Kenya fedha taslimu ili njaa isizilazimishe kuuza mifugo yote. Msimamizi wake alikuwa Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA. Walioutayarisha walifanya jambo ambalo miradi mingi ya misaada hulikwepa: badala ya kuwatafuta maskini peke yao, walijaribu kusajili kila kaya katika kaunti nne, yaani Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Zaidi ya kaya 370,000 ziliandikwa. Kaya 100,000 zilizoonekana kuwa na hali ngumu kuliko nyingine ziliwekwa kwenye malipo ya kila baada ya miezi miwili. Zilizobaki hazikufutwa. Zilikaa kwenye hifadhidata, nazo zikahimizwa kufungua akaunti za benki mapema, ili siku ukame utakapovuka kiwango fulani fedha ziwafikie bila mtu kuanza upya kuzunguka na fomu.

Kwa mkazi wa Elwak, mji wa mpakani ulio katika barabara ya kutoka Wajir kwenda Rhamu na Mandera, maana yake ni kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa mahali hata kama hajawahi kupokea shilingi. Na jina likishaandikwa huanza kuulizwa maswali. Kaya hii ilihakikiwa mbele ya wazee? Kuna mwenye kitambulisho? Akaunti iko hai? Je, imo kwenye malipo ya kawaida, au husubiri dharura? Kuna malalamiko yaliyoletwa kwa chifu ambayo hayajatatuliwa? Kila swali hapa hujibiwa kwa ndiyo au hapana, na ndiyo moja haiondoi nyingine.

Sura hii inahusu namna ya kuyaweka majibu hayo yote ndani ya namba moja, na namna ya kuiuliza namba hiyo kwa SQL bila kudanganyika. Jedwali nitakalotumia nimelitunga kwa ajili ya mafunzo. Si picha ya jinsi hifadhidata ya HSNP ilivyojengwa ndani. Maswali yake lakini ni yale yale yanayomgusa mtu wa Elwak, na kosa katika sharti moja la SQL lingeweza kumwacha bila malipo mtu anayestahili, bila yeyote ofisini kugundua.

Mfugaji wa huko hahitaji kufundishwa wazo lenyewe, kwa kuwa analibeba kwenye ngamia wake. Ngamia wa Wasomali hupigwa chapa, na mahali chapa ilipo mwilini ni sehemu ya ujumbe. Chapa ya shingoni haifuti ya pajani, na anayejua kusoma huangalia mahali anapotaka kuangalia, akapata jibu la swali lake, bila kujali palipobaki pana nini. Namba katika kompyuta ina mahali hivyo hivyo. Kila mahali panaitwa biti, panabeba 1 au 0, na thamani yake ni mara mbili ya pa jirani: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Safu ya jedwali letu tunaiita hali, na tunazigawa biti zake saba hivi:

    1   kaya imehakikiwa mbele ya wazee
    2   kuna mwenye kitambulisho cha taifa
    4   akaunti ya benki iko hai
    8   imo kwenye malipo ya kawaida
    16  imo kwenye orodha ya dharura ya ukame
    32  alama za vidole zimo katika daftari la wakimbizi
    64  kuna malalamiko ambayo hayajatatuliwa

Kaya yenye hali 23 ni 16 na 4 na 2 na 1: imehakikiwa, ina kitambulisho, akaunti ni hai, na inasubiri dharura. Kaya yenye 19 ni hiyo hiyo ila haina akaunti. Yenye 33 imehakikiwa, na alama za vidole zimo kwenye daftari la wakimbizi, basi. Kuna hali 128 zinazowezekana, kuanzia 0 hadi 127, na kila moja husomeka kwa njia moja tu, kwa sababu hakuna njia mbili za kujumlisha thamani hizo, kila moja mara moja tu, ukafika kwenye namba ile ile.

Anayekutana na namba hizi kwa mara ya kwanza hujaribiwa kuziuliza kama namba za kawaida. Akitaka kaya za dharura, huandika WHERE hali = 16, akapata kaya ambazo hazina lolote isipokuwa biti hiyo, yaani hata hazijahakikiwa. Akiona orodha ni fupi mno, hubadilisha kuwa hali >= 16. Sasa anapata ile ya 33, ambayo haimo kwenye orodha ya dharura kabisa. Imeingia kwa sababu 32 ni kubwa kuliko 16. Ukubwa wa namba hauna maana hapa. Tunachohitaji ni opereta inayotazama mahali pamoja na kufumba macho kwa mengine, na katika SQL hiyo ni &.

Opereta ya & hulinganisha namba mbili biti kwa biti, ikabakiza 1 pale tu ambapo zote mbili zina 1. Ukiandika hali & 20 unaiambia hifadhidata iache mahali pawili tu, pa 16 na pa 4, na ifute mengine yote. Kwa 23 jibu ni 20, kwa 19 ni 16, kwa 39 ni 4, kwa 33 ni 0. Jibu hilo si ndiyo wala hapana bado. Ni namba, na sharti lako liko katika kile unachokilinganisha nalo:

    (hali & 20) = 20     zote mbili zipo
    (hali & 20) <> 0     angalau moja ipo
    (hali & 20) = 0      hakuna hata moja
    (hali & 20) = 16     dharura ipo, akaunti haipo

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaosahaulika. Watu wengi huandika masharti mawili, moja la 16 na jingine la 4, wakayaunganisha kwa AND. Si kosa. Lakini sharti moja linatosha: upande wa kushoto unataja mahali unapotazama, upande wa kulia unataja unachotaka kuona hapo. Kwa ofisi ya Elwak orodha inayotoka hapo ni ya kazi ya wiki nzima, kwa maana ni kaya ambazo ukame ukitangazwa kesho zitakuwa na haki ya fedha na zisizipate, kwa kuwa hazina akaunti ya kuzipokelea.

Kati ya = 20 na <> 0 ndipo makosa mengi hupenya. Mtu anataka kaya zenye dharura pamoja na akaunti, anaandika (hali & 20) <> 0, anaijaribu kwa mistari michache, inaonekana sawa. Kisha siku ya malipo orodha inabeba pia kila mwenye akaunti, wakiwemo wanaopokea malipo ya kawaida. Kwa biti moja masharti haya mawili hutoa jibu moja. Tofauti hujitokeza zinapokuwa mbili au zaidi. Ndiyo maana naandika thamani ile ile pande zote mbili hata kwa biti moja, (hali & 4) = 4. Siku nitakapoongeza biti ya pili, sharti litabaki na maana niliyoikusudia.

Programu za hifadhidata hazifanani. MySQL inakuruhusu kuandika WHERE hali & 4 bila kulinganisha na chochote, kwa sababu huko namba isiyo sifuri huhesabiwa kuwa kweli. PostgreSQL, SQL Server na Oracle hukataa. Oracle isitoshe haina alama ya & kwa kazi hii. Kwa miaka mingi waandishi wake wametumia BITAND(hali, 20) = 20, na ili kuwasha biti wamejifunza ujanja wa hali + 8 - BITAND(hali, 8).

Mabano nayo si mapambo. Opereta ya | huweka 1 pale ambapo angalau moja kati ya namba mbili ina 1. Chukua 1 | 2 & 4. MySQL huanza na &, ikapata 0, kisha 1 | 0, jibu 1. PostgreSQL, SQL Server na SQLite huzipa opereta hizo mbili uzito mmoja na kusoma kutoka kushoto: 1 | 2 ni 3, kisha 3 & 4 ni 0. Sentensi moja, majibu mawili, wala hakuna inayolalamika. Mradi ukihamishwa kutoka seva moja hadi nyingine, sharti lisilo na mabano linaweza kubadilika maana usiku huo huo.

Kuwasha biti ni kazi ya |, na kuizima ni kazi ya & ikisaidiwa na ~, ambayo hugeuza kila biti:

    UPDATE kaya SET hali = hali | 8  WHERE namba = 4411;
    UPDATE kaya SET hali = hali & ~8 WHERE namba = 4411;

Usijumlishe. Kaya yenye 7 ukiiongezea 8 inakuwa 15, vizuri. Fomu ile ile ikiingizwa mara ya pili, kwa kuwa mtandao ulikatika na karani hakujua kama ya kwanza ilifika, 15 inakuwa 23. Malipo ya kawaida yamezimika na dharura imewaka. Opereta ya | haina shida hiyo: ukiirudia mara kumi, 15 inabaki 15. Mahali ambapo mtandao hukatika mara kwa mara, uwezo huo wa kurudia bila madhara ni sababu tosha ya kuichagua.

Kuna mtego mwingine wa PostgreSQL unaostahili aya yake. Katika MySQL na SQL Server, alama ^ hugeuza biti: iliyowaka huzimwa, iliyozimwa huwashwa. Katika PostgreSQL alama hiyo ni kipeo. Kwa hiyo hali ^ 8 kwa kaya yenye 7 haitoi 15, inatoa 7 kwa kipeo cha 8, yaani 5,764,801, na namba hiyo inaingia kwenye safu ya namba kamili bila onyo. Huko alama sahihi ni #. Kinga yake ni sharti la langoni ambalo kila jedwali la namna hii linapaswa kuwa nalo:

    CHECK (hali BETWEEN 0 AND 127)

Masharti ya langoni yanaweza kufanya zaidi. Kaya haiwezi kuwa kwenye malipo ya kawaida na papo hapo kuwa kwenye orodha ya kusubiri dharura. Biti mbili lakini zinaruhusu hali nne, ikiwemo hiyo isiyowezekana. Tunaifunga kwa CHECK ((hali & 24) <> 24), na tangu hapo hakuna karani wala programu itakayoweza kuziwasha 8 na 16 pamoja.

Hatari hiyo ya hali zisizowezekana inaonyesha pia kitu kisichopaswa kuwekwa kwenye biti. Mpango wa HSNP hupima ukame kwa kipimo cha hali ya mimea, VCI, kinachotokana na picha za setilaiti. Kijani cha mahali fulani hulinganishwa na kijani cha chini na cha juu kilichowahi kuonekana hapo hapo miaka ya nyuma, na wastani wa miezi mitatu huchukuliwa. Chini ya 20 ni ukame mkali, chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Kwa utaratibu wa awamu ya pili, ukame mkali katika kaunti ndogo ulifungua malipo yawafikie hadi asilimia 25 ya kaya zake, na uliokithiri hadi asilimia 50. Mahali huwa kwenye ngazi moja ya ukame kati ya kadhaa, hapawezi kuwa kwenye mbili kwa wakati mmoja. Ukiipa kila ngazi biti yake, umejitengenezea michanganyiko isiyo na maana utakayolazimika kuizuia. Asilimia nazo hutegemea nafasi ya kaya katika mpangilio wa umaskini, jambo lenye daraja. VCI na nafasi zikae kwenye safu zake za namba za kawaida, na biti zibaki na yale ya ndiyo au hapana:

    SELECT k.namba, k.wadi
    FROM kaya k
    JOIN ukame u ON u.kaunti_ndogo = k.kaunti_ndogo
    WHERE u.mwezi = '2022-10-01'
      AND u.vci < 20
      AND k.nafasi <= u.nafasi_ya_mwisho
      AND (k.hali & 20) = 20;

Tarehe hiyo nimeichagua kwa makusudi. Mwishoni mwa 2022 kaskazini mwa Kenya ilikuwa ikielekea msimu wa tano mfululizo wa mvua kushindwa, Deyr (mvua za vuli) baada ya Gu (mvua za masika) baada ya Deyr tangu 2020. Katika kipindi kama hicho ulizo la namna hii ndilo linaloamua nani yuko ndani na nani yuko nje, nalo huendeshwa kwa sekunde chache na mtu aliye mbali na Elwak.

Hadi hapa nimejifanya kwamba 0 maana yake ni hapana. Si kweli kila wakati. Tuseme karani alipofika, mwenye boma alikuwa amehama na ngamia kufuata malisho, akajibu jirani, na jirani hajui kama kuna kitambulisho. Biti ya 2 imebaki 0. Kwenye jedwali, kaya hiyo haitofautiki na ile iliyoulizwa ikasema haina. Wengine huacha safu nzima kuwa NULL, na hilo ni baya zaidi, maana NULL & 2 ni NULL: kaya hiyo haitokei kwenye sharti la = 0 wala la <> 0. Imetoweka kwenye orodha zote mbili, na ukijumlisha waliopo na wasiopo hupati jumla ya kaya.

Dawa yake ni safu ya pili, niiite imeulizwa, yenye biti zile zile, ambapo 1 maana yake swali hili lilijibiwa na mhusika. Safu zote mbili ziwe NOT NULL. Wasio na kitambulisho kwa yakini ni hawa:

    WHERE (imeulizwa & 2) = 2 AND (hali & 2) = 0

na wanaopaswa kutembelewa tena ni (imeulizwa & 2) = 0. Kwa watu wanaohamahama, orodha hii ya pili ni ya lazima. Mfumo usioitenga humhesabu mtu aliyekuwa malishoni kama mtu asiye na haki, na hilo kwangu ni kosa la ujenzi, si la mfugaji.

Sasa biti ya 32, ambayo ndiyo iliyonifanya niichague kaskazini mashariki kwa sura hii. Kambi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa, zilifunguliwa kuanzia 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita Somalia. Ukame ulipobana, ukiwemo ule wa 2011, Wakenya wa maeneo jirani nao waliingia kwenye usajili wa wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengi walikuwa watoto walioandikishwa na wazazi wao. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, mfumo uliwapata kwenye daftari la wakimbizi na maombi yakasimama. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hakuna M-Pesa, hakuna kazi rasmi, na kwenye kizuizi cha barabarani huna cha kuonyesha. Makadirio yaliyotajwa na watetezi wa haki, likiwemo shirika la Haki na Sheria la Garissa, ni ya watu wapatao 40,000. Ukaguzi wa serikali wa 2019 uliwaona zaidi ya 14,000 kuwa Wakenya wanaostahili kuondolewa kwenye daftari hilo, na wengi wao waliendelea kusubiri miaka kadhaa baadaye. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliona kuwa haki za watu hawa zilikuwa zimevunjwa.

Itazame kwa macho ya jedwali letu. Biti ya 2 na ya 32 pamoja ni 34, kwa hiyo hali & 34 ina majibu manne. Sifuri: hana kitambulisho wala hayumo kwenye daftari. Mbili: ana kitambulisho. Thelathini na mbili: yumo kwenye daftari, hana kitambulisho. Thelathini na nne: ana vyote viwili. Biti ya 32 inaeleza tukio, kwamba siku fulani vidole vya mtu huyu viliwekwa kwenye mashine kambini. Haisemi alizaliwa wapi wala wazazi wake ni akina nani. Lakini madawati yaliyopokea maombi yalifanya kazi kana kwamba mahali fulani kumeandikwa

    CHECK ((hali & 34) <> 34)

yaani hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa na zote mbili, na aliyetangulia kupewa ya 32 asipewe ya 2. Tuliandika sharti la umbo hilo hilo kwa biti za 8 na 16, na hapo lilikuwa sahihi kwa sababu mpango wenyewe ndio uliozitenganisha. Kwa 2 na 32 lilikuwa batili tangu mwanzo, kwa sababu maisha yalikwisha kuwakutanisha Wakenya na foleni ya chakula kambini. Kabla ya kuandika CHECK yoyote inayokataza biti mbili kukaa pamoja, mwandishi wa jedwali anadaiwa jibu: ni kanuni uliyoiweka wewe, au ni dhana yako juu ya watu? Ikiwa ni dhana, iache nje ya jedwali, kisha uiulize hifadhidata ikuonyeshe wangapi wanaivunja:

    SELECT hali & 34 AS kundi, COUNT(*)
    FROM mwanakaya
    GROUP BY hali & 34;

Nimeandika mwanakaya, si kaya. Kitambulisho ni cha mtu, na vidole ni vya mtu. Jedwali la kaya tulilolianzia lilizibeba biti hizo mbili kwa jina la kaya nzima, na hapo kuna hatari ya hesabu. Tukiwa na jedwali la watu lenye thamani zile zile za biti, MySQL na PostgreSQL zinaweza kutukusanyia za kaya kwa BIT_OR, ambayo huwasha kila biti iliyowaka kwa angalau mtu mmoja:

    SELECT kaya_namba, BIT_OR(hali) AS hali_ya_kaya
    FROM mwanakaya
    GROUP BY kaya_namba
    HAVING (BIT_OR(hali) & 2) = 0;

Hilo linatoa kaya ambazo hazina hata mtu mmoja mwenye kitambulisho, na ni ulizo la kweli lenye manufaa. Lakini fikiria nyumba yenye mama mwenye kitambulisho, 2, na kijana wake aliyekwama kwenye daftari, 32. BIT_OR ya nyumba ni 34. Hakuna mtu hapo mwenye vyote viwili. Ripoti inayohesabu 34 kwa kiwango cha kaya ingesema tatizo la kijana huyo limeshatatuliwa, kwa sababu biti ya mama yake imemfunika. Biti zikishachanganywa hazikumbuki zilitoka kwa nani. Uliza kwanza kwa kila mtu, (hali & 34) = 32, ndipo uhesabu ni nyumba ngapi zina mtu wa namna hiyo.

Kuhusu kasi niseme kwa ufupi. Faharasa ya kawaida juu ya safu ya hali haisaidii sharti la hali & 4, kwa sababu imepangwa kwa ukubwa wa namba nzima na biti unayoitafuta imetawanyika kote. Kaya laki chache seva yoyote ya leo huzipitia zote bila shida. Zikiwa milioni nyingi na unatafuta wachache, PostgreSQL hukuruhusu kujenga faharasa ya sehemu, yenye mistari ya biti hiyo tu:

    CREATE INDEX waliokwama ON mwanakaya (kaya_namba)
    WHERE (hali & 34) = 32;

Ila sharti katika ulizo lako liwe lile lile, neno kwa neno kama inawezekana, la sivyo faharasa hiyo haitatumika. Wala usiingie kwenye biti kwa ajili ya kuokoa nafasi peke yake. Katika PostgreSQL safu ya ndiyo au hapana ni baiti moja. Safu saba ni baiti saba, dhidi ya nne za namba kamili. Sababu nzuri ni nyingine: kuuliza michanganyiko mingi kwa sharti fupi, kuunganisha kwa BIT_OR, kulinganisha hali nzima ya jana na ya leo kwa hesabu moja. PostgreSQL yenyewe huhifadhi hivyo aina ya kila triga katika safu ya tgtype ya pg_trigger, na ruhusa za faili katika Unix, zile za 4, 2 na 1, zimekaa hivyo tangu miaka ya 1970.

Kulinganisha jana na leo ndiko nitakakomalizia, kwa kuwa biti ina udhaifu mmoja ambao hakuna opereta inayouponya: haisemi nani aliiwasha, lini, wala kwa ushahidi gani. Kwa biti ya malalamiko pengine si neno. Kwa 32 ni jambo la maisha ya mtu, na anayeizima lazima aache jina na sababu. Jedwali la pili basi, linaloongezwa mistari tu na halifutwi, lenye namba ya mtu, hali ya zamani, hali mpya, tarehe, afisa aliyeidhinisha, na hati aliyoitegemea. Triga huliandika kila hali inapobadilika, na opereta ya # ya PostgreSQL huonyesha hasa kilichobadilika, kwa kuwa hubakiza 1 pale tu namba mbili zinapotofautiana. Kijana aliyeondolewa kwenye daftari na kupewa kitambulisho anabadilishwa kwa amri moja,

    UPDATE mwanakaya SET hali = (hali | 2) & ~32
    WHERE namba = 90217;

hali yake ikatoka 33 ikawa 3, na kwenye jedwali la kumbukumbu 33 # 3 inaandikwa 34: biti mbili zimeguswa, hizo mbili tu, siku hiyo, na afisa huyo. Akirudi mwaka ujao kwenye dawati jingine na kuambiwa bado anaonekana mkimbizi, kuna mstari wa kufungua, wenye tarehe na hati, na karani hatalazimika kuanza uhakiki upya.